Ushindi wa Siku Moja na Kazi ya Kila Siku
Hotuba ya kamati ya michezo katika mkutano wa harambee wa mwaka



Kila mwaka mkutano huu husikiliza kwanza habari za basari, za zahanati na za maji, na ndivyo inavyostahili. Sisi wa michezo huja mwishoni, wakati harufu ya biriani imeshaingia ukumbini na watoto wameanza kuwavuta mama zao nguo. Mwaka huu tuliomba kusema mapema kidogo, na tunamshukuru Mwenyekiti kwa kutukubalia. Sababu ni kwamba ombi letu la safari hii si la jezi wala nauli ya basi. Ni ombi la namna nyingine, na lisipoelezwa vizuri linaweza kuonekana la ajabu.

Tunataka kuzungumza nanyi juu ya kriketi, na hasa juu ya timu ya taifa ya kriketi ya Kenya: jinsi ilivyopanda, jinsi ilivyoshuka, na kwa nini.

Tunajua baadhi ya wazee wanaulizana sasa hivi: kriketi na sisi wapi na wapi? Kwetu kijana akipata nafasi hupiga kandanda. Ni kweli. Lakini wale waliopita karibu na kiwanja cha shule siku za karibuni wamewaona watoto wetu, wavulana kwa wasichana, wakicheza kriketi kwa gongo la kuchonga na mpira wa tenisi, huku wiketi ni vijiti vitatu vilivyochomekwa mchangani. Mchezo umeshaingia kijijini bila ya kamati kuualika. Tena hakuna timu nyingine katika nchi yetu ambayo historia yake inatufundisha waziwazi namna hii tofauti ya kipawa na maandalizi.

Kwa wasioufahamu mchezo, tuueleze kwa maneno machache. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11. Moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka. Mrushaji hurusha mipira 6, nayo huitwa ova moja, kisha mwenzake hupokea kutoka upande wa pili. Mpigaji hutafuta mikimbio. Mrushaji hutafuta wiketi, yaani kumtoa mpigaji uwanjani. Katika Kombe la Dunia la mechi za siku moja, kila upande hupewa ova 50. Hiyo ni mipira 300 ya kupiga na mipira 300 ya kurusha, na mechi huchukua karibu kutwa nzima. Mchezo wa aina hii haumpi mtu pa kujificha. Asiye na mazoezi anaweza kubahatisha kwa saa moja. Ikifika alasiri, jua limewaka, mikono imechoka na mpira umechakaa, kila mtu huonekana alivyo.

Sasa tuanze safari. Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilichezwa Uingereza mwaka 1975, na ndani yake ilikuwamo timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah, na mmoja wa warushaji alikuwa John Nagenda wa Uganda, ambaye wasomaji wa vitabu wanamjua zaidi kama mwandishi. Walicheza mechi 3 wakashindwa zote, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Hatuwacheki. Walikuwa watu wenye shughuli zao, waliokutanishwa kutoka nchi nne ili wapambane na watu waliokuwa wakicheza mchezo huu kama kazi.

Miaka 21 baadaye Kenya ilikwenda katika Kombe la Dunia kwa jina lake yenyewe. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, ilikutana na West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979. Kenya ilipiga kwanza ikatolewa kwa mikimbio 166. Wengi walidhani mechi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Rajab Ali alimtoa Brian Lara, aliyehesabiwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa duniani, mpira ukaishia mikononi mwa mlinda wiketi Tariq Iqbal. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa kutoa mikimbio 15 tu. West Indies walitolewa kwa 93. Kenya ilishinda kwa tofauti ya mikimbio 73, na dunia nzima ya kriketi ilisimama kuitazama.

Walikotoka wachezaji hao ni jambo la kuangalia vizuri. Walitoka katika klabu chache za Nairobi, na wengi katika nyumba chache zaidi. Kulikuwa na Steve Tikolo na kaka zake, Maurice Odumbe na kaka yake Edward, ndugu wawili Martin na Tony Suji, kisha Kennedy Otieno na wadogo zake Collins na David Obuya. Hilo ni jambo la fahari, na pia ni jambo la kutisha. Ni sawa na mtaa mzima unaochota maji katika visima viwili. Maadamu visima vina maji, watu wanaimba. Vikikauka, hakuna cha tatu.

Mwaka 1997, mjini Kuala Lumpur, Kenya na Bangladesh zilikutana katika fainali ya mashindano ya nchi zisizokuwa na hadhi ya kucheza mechi za testi, zile za siku 5 ambazo ndizo daraja la juu kabisa la mchezo huu. Steve Tikolo alipiga mikimbio 147 siku ile. Bangladesh ilishinda kwenye mpira wa mwisho kabisa. Basi hebu zitazameni nchi hizo mbili zikitoka uwanjani pamoja, zikiwa zimetengana kwa mpira mmoja. Bangladesh iliingizwa katika hadhi ya testi mwaka 2000. Kenya iliendelea kuwashangaza wakubwa: iliipiga India mjini Gwalior mwaka 1998, ikaipiga tena mjini Port Elizabeth mwaka 2001. Lakini kushangaza si daraja. Mtu anayekushangaza leo, kesho unamtarajia, na kesho kutwa unamdai.

Ndipo ukafika mwaka 2003. Wengi waliomo humu wanaukumbuka. Kocha alikuwa Sandeep Patil, aliyekuwa katika kikosi cha India kilichotwaa Kombe la Dunia la 1983. Nahodha alikuwa Tikolo. Baadhi ya mechi zilichezwa Nairobi, na New Zealand wakakataa kuja kwa hofu ya usalama, hivyo Kenya ikapewa pointi bila kurusha mpira. Wenye wivu wanapenda kulitaja hilo, nasi tunalitaja wenyewe ili tusionekane tunalificha. Bahati ilikuwapo. Lakini tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, hapakuwa na bahati. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walikuja wakacheza, na Collins Obuya akawachukulia wiketi 5 kwa mikimbio 24. Kenya ilishinda kwa tofauti ya mikimbio 53. Iliishinda pia Canada, ikaishinda Bangladesh ile ile ya Kuala Lumpur, na katika hatua iliyofuata ikaishinda Zimbabwe kwa wiketi 7.

Tuwakumbushe pia mzaliwa wa Mombasa, Asif Karim. Alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, kisha akastaafu, akaitwa tena akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, alirusha ova 8 na mipira 2 dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia. Alitoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3. Kenya ilishindwa mechi ile, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa Karim. Hakuwa na mbio wala nguvu za ujana. Alikuwa na kitu alichokirudia kwa miaka mingi mpaka mkono ukakijua bila kuuliza kichwa.

Siku 5 baadaye, palepale Durban, Kenya ilicheza nusu fainali na India, ikashindwa kwa mikimbio 91. Kabla ya hapo hakuna nchi isiyo na hadhi ya testi iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50, na mpaka leo hakuna nyingine iliyofika.

Ndugu zetu, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya nusu fainali ile sifa zilimiminika, na viongozi wa mchezo walitaka Kenya nayo iingizwe katika mechi za testi. Lakini tembo lilikuwa limeshaanza kutiwa maji. Wachezaji na viongozi waligombania malipo, mpaka wachezaji wakagoma. Mwaka 2004 mchezaji mmoja mkubwa alifungiwa miaka 5 kwa kuhusiana na watu wa kamari. Chama kilichoendesha mchezo kilivurugika, na mwaka 2005 kikaanzishwa chombo kipya badala yake. Mechi na nchi kubwa zikawa adimu wakati ule ule ambao vijana walizihitaji zaidi.

Halafu tuangalie hesabu, maana hesabu hazina upendeleo. Katika Kombe la Dunia la 2007 Kenya iliifunga Canada tu, ikatoka hatua ya kwanza. Katika Kombe la 2011 ilishindwa mechi zote 6. Ya kwanza ilichezwa Chennai dhidi ya New Zealand: Kenya ilitolewa kwa mikimbio 69, na New Zealand wakaipita katika ova 8 bila kupoteza wiketi hata moja. Tikolo alikuwamo kikosini, hilo likiwa Kombe lake la tano. Mtu aliyeanza nao mwaka 1996 bado alikuwa akitegemewa miaka 15 baadaye. Tunamheshimu kwa hilo. Lakini nyumba ambayo babu bado ndiye anayepanda mnazi kuangua madafu, hapana budi tuulize wajukuu wako wapi.

Mwezi Oktoba 2013, mjini Sharjah, Kenya ilikutana na Afghanistan, ambao wakishinda walikuwa wanakata tikiti ya Kombe la Dunia la 2015. Kenya ilitolewa kwa mikimbio 93. Ni idadi ile ile ya West Indies siku ya Pune. Safari hii waliotolewa kwa 93 tulikuwa sisi. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Mwaka 2018, baada ya timu kushushwa daraja nchini Namibia, nahodha, kocha na mwenyekiti wa chama cha taifa wote walijiuzulu.

Na hao Afghanistan ni nani? Wengi wa wachezaji wao wa mwanzo walijifunzia kriketi katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Waliingia katika Baraza la Kriketi la Kimataifa mwaka 2001. Mwaka 2008, miaka 5 baada ya nusu fainali yetu, walikuwa wakicheza daraja la tano la dunia katika kisiwa cha Jersey. Walipanda ngazi moja moja. Kwa sababu ya vita, mechi zao za nyumbani walizicheza ugenini. Mwaka 2017 wakapewa hadhi ya testi pamoja na Ireland. Mwaka 2023 waliziangusha Uingereza, Pakistan na Sri Lanka katika Kombe moja la Dunia, na mwaka 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Yapo mambo ya nchi ile ambayo hatuyasifu, na la kwanza ni kuwafungia wanawake wao mlango wa uwanja. Lakini katika habari ya timu yao ya wanaume, hakuna anayeweza kusema kwamba walitupita kwa sababu walikuwa na amani, fedha au viwanja kuliko sisi.

Basi tofauti ni nini? Sisi tunaiita weledi na maandalizi, na tunaomba tueleze tunachomaanisha, kwa sababu maneno haya yamechakaa kwa kusemwa kwenye majukwaa.

Weledi hauanzii kwenye mshahara mnono. Unaanzia kwenye mambo madogo ambayo hakuna mpiga picha anayekuja kuyapiga. Mchezaji anajua ataingia mazoezini saa ngapi, kwa siku zipi, na atafanya nini. Mrushaji anarusha mpira ule ule mahali pale pale mara mia, halafu anahesabu ni mara ngapi umefika alipokusudia. Mpigaji anapigiwa mipira ya kasi ya aina atakayokutana nayo mwezi ujao, si ile anayopenda kuipiga. Kila mechi, hata ya watoto, ina kitabu cha alama kilichojazwa sawasawa, ili mteuzi achague kwa kumbukumbu na si kwa undugu. Uwanja unamwagiwa maji, unashindiliwa na kukatwa nyasi hata wiki ambayo hakuna mechi. Kuna timu ya chini ya miaka 15, na ya miaka 17, na ya miaka 19, ili kila anayetoka amwachie nafasi aliyekwisha kuiva.

Weledi uko pia upande wa viongozi, na hapa ndipo penye uzito. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji akiahidiwa malipo, yalipwe siku iliyoahidiwa. Akikosa kulipwa, atatafuta fedha kwingine, na huko kwingine si kuzuri daima. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje, kisha zibandikwe ukutani zisomwe. Ratiba ya mechi ijulikane mwaka mmoja mbele. Kiongozi awe na muda wa kuingia na muda wa kutoka.

Hapo atatokea mtu aseme: lakini mwaka 1996 hawakuwa na hayo yote, na walishinda. Ni kweli, na tunaliheshimu swali hilo. Kipawa kinaweza kushinda siku moja. Kinaweza hata kushinda mwezi mmoja, kama mwaka 2003. Kisichoweza kufanya ni kukaa. Mvuvi anaweza kutoka na nyavu zenye matundu akarudi na samaki wengi, siku bahari imekuwa karimu. Mwenye akili hachukui siku hiyo kuwa sababu ya kuacha kushona nyavu.

Tusidanganyane pia kwamba maandalizi ni dawa ya kila kitu. Majirani zetu wa Uganda waliiangusha Zimbabwe mwaka 2023 katika mechi za kufuzu nchini Namibia, wakafika Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024 kwa mara ya kwanza. Huko Guyana waliifunga Papua New Guinea. Siku ile Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova 4 akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Siku chache baadaye West Indies wakawatoa Uganda kwa mikimbio 39. Ndiyo ngazi ilivyo. Anayejiandaa hashindi kila siku. Lakini akianguka, anajua ameanguka kutoka ngazi ya ngapi, na anajua ya kushika kesho.

Wala haifai kusema kwamba sisi ni maskini mno kwa mambo haya. Rwanda walikuwa hawana uwanja wao wa kriketi wa maana. Mwaka 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, alisimama mjini Kigali akapiga mipira mfululizo kwa saa 51, akaweka rekodi ya dunia, ili kuchangisha fedha za uwanja. Mwaka uliofuata uwanja ulifunguliwa huko Gahanga. Na mwezi Januari 2023, wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliwafunga West Indies katika Kombe la Dunia la umri wao. Angalieni mpangilio wenyewe: mchango, uwanja, mazoezi, halafu ushindi. Hakuna hatua iliyorukwa.

Sasa turudi kwetu.

Sisi ni watu wa harambee, na harambee tunaijua. Ngoma ikilia, mgeni rasmi akitoa, kila mmoja huona haya kubaki na mkono mfukoni. Kwa njia hiyo yamejengwa madarasa mengi katika nchi hii, na hatuidharau. Lakini harambee ya siku moja ni ndugu wa ushindi wa siku moja. Inajenga ukuta, haimlipi mwalimu mwezi wa saba. Inanunua magongo, haishindilii uwanja wakati wa masika. Ndiyo maana mwaka huu hatuombi fedha nyingi leo. Tunaomba fedha kidogo kila mwezi.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza ni uwanja. Kiwanja cha shule kinatosha kwa kandanda na kriketi pamoja, kwa kupokezana siku. Kinachotakiwa ni njia ya katikati ya kurushia mpira iliyoshindiliwa vizuri na kutandikwa mkeka mgumu, nyavu za mazoezi, tangi la maji, na mtu wa kukitunza anayelipwa kwa kazi hiyo. Mtunza uwanja ndiye wa kwanza tunayetaka kumwajiri, kabla hata ya kocha. Tunajua wengi watashangaa. Lakini mpira unaodunda ovyo humfundisha mtoto kuogopa, na mtoto akishaogopa mpira ni shida kumrudisha.

La pili ni kocha, mwenye mafunzo, mwenye mkataba wa miaka isiyopungua mitatu na mshahara unaoingia tarehe inayojulikana. Kazi yake itapimwa kwa mambo manne: watoto wangapi wanahudhuria, wasichana ni wangapi kati yao, wangapi bado wako shuleni, na wangapi wamepanda kiwango. Hatutampima kwa vikombe katika mwaka wa kwanza wala wa pili. Tunaliweka hili wazi mapema, ili mwakani pasitokee mtu kuuliza kombe liko wapi.

La tatu ni kitabu. Kila shilingi ya michezo itaandikwa katika hesabu za peke yake, zitakazokaguliwa na mtu asiye mwanakamati na kuchapishwa katika kijitabu hiki mwaka ujao, iwe habari ni njema au si njema. Na sisi wanakamati tumependekeza wenyewe kwamba asiwepo mjumbe atakayekaa zaidi ya vipindi viwili.

Kuna mzee wetu mmoja aliyetuambia wazi katika kikao cha maandalizi: vijana wanataka kazi, si magongo. Tunamshukuru, kwa sababu maneno ya uso kwa uso ni bora kuliko minong'ono. Jibu letu ni hili. Fungu la basari halitaguswa. Na hatumwahidi mtoto yeyote kwamba atakula kwa kriketi. Wanaokula kwa mchezo huu katika nchi yetu ni wachache sana. Tunachomwahidi ni mahali ambapo saa kumi ni saa kumi, ambapo aliyefika kila siku anachaguliwa mbele ya mtoto wa mwanakamati, na ambapo kushindwa kunaandikwa kitabuni na kusomwa, kisha watu wanarudi mazoezini. Kijana aliyekulia hapo atakuwa fundi, nesi, nahodha wa chombo au karani wa namna tofauti. Ajira anazozitaka mzee wetu zinamtafuta kijana huyo huyo.

Na kwa ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai, London na kwingineko: wengi wenu mnaishi katika miji ambako kriketi inachezwa kila mwisho wa juma. Msitutumie vifaa vilivyochakaa kwa kuwa tu vimewazidi nyumbani. Tuulizeni kwanza tunahitaji nini. Jozi moja ya glavu zinazomtosha msichana wa miaka 12 ina faida kuliko sanduku la pedi za watu wazima.

Wazee wetu, ndugu zetu, hatujui kama atatoka mtu kwetu wa kuichezea Kenya. Tunachojua ni kwamba Kenya haitarudi ilikokuwa mwaka 2003 kwa kuukumbuka mwaka 2003. Itarudi siku ambapo viwanja vingi vidogo, katika tarafa nyingi kama yetu, vitakuwa vikimwagiwa maji Jumatano asubuhi bila mtu wa kuvishangilia. Uwanja mmoja kati ya hivyo uko katika uwezo wetu.

Fomu za ahadi za kila mwezi mtazikuta ndani ya kijitabu hiki, na mweka hazina atapita mezani kuzichukua. Andika kiasi unachoweza kukitoa hata mwezi mbaya, si kile unachoweza kukitoa leo mbele ya watu. Haba na haba hujaza kibaba, mradi haba ya mwezi huu ifuatwe na haba ya mwezi ujao.

 Mwenyekiti, tunakurudishia kikao.